*KUGAWA SHULE SI KUBADILISHA KIBAO*

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*



Tangu wiki iliyopita simu za viongozi wa tawi hazijapumzika. Swali ni lilelile kutoka kwa kina mama wa genge, vijana wa kijiwe cha bodaboda na wazee wetu: tawi linasemaje kuhusu pendekezo la kuigawa shule yetu ya msingi iwe A na B?

Kamati ya Tawi imekaa. Tumewasikiliza wazazi, tumewasikiliza walimu wawili watatu waliokubali kuzungumza, tumemsikiliza hata aliyekuja kutushawishi tunyamaze. Huu hapa msimamo wetu, tunautanguliza kwa wale ambao bando linakaribia kuisha:

*Tunataka shule yetu igawanywe. Hatutaki igawanywe kwa rangi na kibao.* Pendekezo lililopo mezani halimhamishi mtoto hata mmoja, haliongezi darasa hata moja, na Jumamosi kwenye mkutano wa wazazi tutalipinga kwa sauti.

Wenye nafasi, someni hadi mwisho. Jambo hili ni la watoto wetu, na mtaulizwa.

*Pendekezo linasemaje hasa*

Madarasa ya upande wa barabara yawe shule A. Madarasa ya upande wa bonde yawe shule B. Geti ni lilelile. Vyoo ni vilevile. Bomba ni lilelile, ambalo nalo lina siku zake za kutoa maji. Uwanja wa paredi ni uleule, ila sasa A watasimama kulia na B kushoto. Kitakachoongezeka ni Mwalimu Mkuu wa pili, mhuri wa pili, na kibao cha pili pale nje.

Hayo ndiyo yote. Tumeuliza mara tatu kama kuna kiwanja kipya. Hakuna. Tumeuliza kama kuna madarasa mapya. Tumeambiwa "yatafuata". Ndugu zetu, sisi ni watu wazima. Tunajua "yatafuata" ina umri gan kwenye kata hii.

*Tusidanganyane kuhusu hali ilivyo*

Wanaotaka shule igawanywe hawajaota. Shule imezidiwa. Watoto wanasoma kwa zamu mbili, na wa zamu ya mchana wanafika darasani jua la utosi, wameshacheza, wamechoka, wengine hawajala. Mwalimu hawezi kupita katikati ya madawati kuangalia daftari, kwa sababu katikati ya madawati kuna watoto wamekaa chini. Mtoto wa darasa la pili anabana haja hadi arudi nyumbani, kwa sababu foleni ya choo ni ndefu kuliko mapumziko.

Hali hii haikuja usiku mmoja. Kwa sensa ya 2012 Dar es Salaam ilikuwa na watu 4,364,541. Kwa sensa ya 2022 tulikuwa 5,383,728. Ni ongezeko la zaidi ya watu milioni moja kwa miaka 10, na wengi hawakwenda kupanga Masaki. Walikuja huku pembezoni, kwetu, ambako chumba bado kinapatikana. Katikati ya miaka hiyo, 2016, elimu bila ada ikaanza, na watoto waliokuwa wamekaa nyumbani kwa kukosa ada wakaja shuleni. Lile lilikuwa jambo jema na hatulijutii. Wazee wetu wanakumbuka mambo kama hayo mwaka 1977, elimu ya msingi kwa wote ilipotangazwa, na tena mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakati wa MMEM. Kila mara mlango ulifunguliwa, watoto wakaingia, na madarasa yakafika nyuma yao yakihema.

Kwa hiyo tatizo ni la kweli. Tunachobishania ni dawa.

*Hesabu ya darasa*

Tuchukue shule yenye wanafunzi 4,000. Mnaoijua shule yetu mnajua hatujatia chumvi. Viwango vya serikali yenyewe vinasema darasa moja wanafunzi 45. Gawanya: unahitaji madarasa 89. Hata ukiwaacha kwenye zamu mbili, unahitaji 45. Dawati moja watoto watatu: madawati 1,334, au 667 kwa zamu mbili. Tundu la choo ni moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kama nusu ni wasichana, hayo ni matundu 100 ya wasichana na 80 ya wavulana, jumla 180.

Sasa igawe shule hiyo A na B, kila moja wanafunzi 2,000. Unahitaji madarasa mangapi? 90. Matundu mangapi? 180. Walimu wangapi kwa kiwango cha mmoja kwa 45? 90. Hakuna namba hata moja iliyoshuka. Ugali wa sahani moja ukiugawa kwenye sahani mbili, watoto hawajashiba, umeongeza vyombo vya kuosha.

Na kuna jambo baya zaidi, ambalo waleta pendekezo hawakulitaja. Shule B lazima iwe na ofisi ya Mwalimu Mkuu na chumba cha walimu. Vitatoka wapi kama hakuna ujenzi? Vitatoka kwenye madarasa. Pia lazima iwe na Mwalimu Mkuu, msaidizi wake na mwalimu wa taaluma, na hao watatoka darasani kwenda ofisini, angalau kwa sehemu ya siku. Yaani tunaigawa shule kwa sababu madarasa na walimu havitoshi, halafu kazi ya kwanza ya mgawanyo ni kula madarasa na vipindi vya walimu. Mzazi anayeelewa hilo atuelimishe.

*Hesabu ya fedha*

Tumesikia ikisemwa kijiweni kwamba shule ikiwa mbili, fedha za serikali zitakuwa mara mbili. Mwanachama yeyote asiirudie kauli hiyo, kwa sababu si kweli.

Ruzuku ya shule ya msingi huhesabiwa kwa kichwa cha mwanafunzi, si kwa kibao. Ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 ni za vitabu na hazipiti mikononi mwa shule, na 6,000 ndizo za kuendeshea shule. Kwa wanafunzi 4,000 hiyo ni milioni 24 kwa mwaka, milioni 2 kwa mwezi. Kwa kila mtoto ni shilingi 500 kwa mwezi, bei ya chapati. Igawe shule, kila upande utapata milioni 1. Chaki, karatasi za mitihani na matengenezo vyote vitakatwa kutoka milioni moja moja badala ya milioni mbili. Jumla ni ileile.

Fedha mpya ya uhakika itakayoingia kwenye kiwanja kile ni posho ya madaraka ya Mwalimu Mkuu wa pili, shilingi 200,000 kwa mwezi. Hatuna kinyongo na posho hiyo. Kuongoza shule ni kazi nzito na anayeifanya alipwe. Lakini mzazi asije akaambiwa shule imeletewa fedha, kumbe kilicholetwa ni posho.

Upande wa mzazi nako tuangalie. Shule mbili ni kamati mbili. Kamati mbili ni vikao viwili vya michango ya mlinzi, ya uji, ya maji. Michango ni ya hiari kwa mujibu wa miongozo ya elimu bila ada, tunajua, na kila mwenye mtoto anajua hiari hiyo inavyodaiwa. Mama mwenye mtoto wa darasa la pili upande wa A na wa darasa la tano upande wa B atachangia walinzi wawili wa geti moja.

*"Lakini mbona manispaa na majimbo yanagawanywa?"*

Swali hili limeletwa na kijana wetu mmoja kwenye kundi, na ni zuri. Linastahili jibu.

Ubungo ilipotoka Kinondoni na Kigamboni ilipotoka Temeke, mwaka 2016 tukaona manispaa mpya zenye mipaka yao, mkurugenzi wao, madiwani wao, mapato yao na bajeti yao. Mwananchi wa Kigamboni aliyekuwa anavuka maji kufuata huduma akapata halmashauri upande wake. Huko ndiko kugawa. Kuna ardhi, kuna fedha, kuna mtu wa kuwajibishwa.

Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya 8, mawili yakiwa hapa Dar es Salaam: Kivule kutoka Ukonga na Chamazi kutoka Mbagala. Jimbo ni la uwakilishi. Ukiligawa unapata mbunge wa pili na sauti ya pili bungeni, hata kama hakuna tofali lililoongezeka. Shule haiko hivyo. Mtoto haendi shule kuwakilishwa. Anakwenda kukaa kwenye dawati, kumsikia mwalimu na kwenda chooni bila kupigana.

Kwa hiyo hatupingi kugawa. Tunapinga kuita kugawa kitu ambacho si kugawa.

*Hoja zao tunaziheshimu, na majibu yetu ni haya*

_Wanasema: Mwalimu Mkuu mmoja hawezi kusimamia watoto elfu nne._ Kweli kabisa. Lakini wakuu wawili wenye geti moja, bomba moja na vyoo vya pamoja hawatasimamia vizuri zaidi. Fahali wawili hawakai zizi moja. Choo kikiziba, A atasema ni cha B. Mtoto akiumia uwanjani, B atasema ni wa A. Leo tunaye mmoja wa kumuuliza. Kesho tutakuwa na wawili wa kunyoosheana vidole. Kama shida ni usimamizi, waongezewe wasaidizi walio na mamlaka kwa kila zamu. Hilo linafanyika kwa barua tu na halihitaji kibao.

_Wanasema: tukishasajili shule B, itakuwa kwenye foleni ya miradi ya ujenzi._ Hapa ndipo tunapoogopa zaidi. Leo shule yetu ni moja na idadi yake inatisha. Mkaguzi akiisoma kwenye taarifa anashtuka, na mshtuko huo ndio silaha yetu ya kudai madarasa. Ikiwa mbili za elfu mbili mbili, mshtuko unapungua nusu na msongamano unabaki palepale. Kisha kwenye taarifa ya utekelezaji itaandikwa kwamba kata imepata "shule mpya". Ukishaandikiwa kwamba umepewa, nenda ukadai tena uone utakavyojibiwa.

_Wanasema: bora nusu shari kuliko shari kamili, chukueni kinachotolewa._ Hatujapewa nusu ya kitu. Tumepewa jina. Jina halipunguzi foleni ya choo.

_Wanasema: subirini, darasa la saba linaondoka, nafasi itapatikana._ Ni kweli kwamba kwa Sera ya Elimu, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka 6. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Lakini hesabuni vizuri. Kwenye shule yenye awali na madarasa saba, kuondoka kwa darasa moja ni sehemu ndogo ya mzigo, na watoto wapya wa awali hawasimami kuja. Tena wale wa makundi mawili watakwenda wapi 2028? Watabisha hodi Kidato cha Kwanza kwa pamoja. Anayesema tusubiri 2028 aseme pia sekondari ya kata itawapokea kwenye vyumba gani. Mwaka huo si wa kupumzika. Ni sababu ya kutafuta kiwanja leo.

*Kugawa kwa kweli tunakokutaka*

Tawi halikai kupinga tu. Tunapendekeza haya, na tunaomba kila mwanachama ayakariri kabla ya Jumamosi.

*1. Kiwanja kwanza.* Halmashauri itenge au inunue eneo ndani ya kata au jirani yake, ilipe fidia, na waziri au mwenyekiti aje atuonyeshe mipaka kwa miguu. Wakisema hakuna ardhi, tutawajibu kwamba Dar es Salaam tayari ina shule za serikali za ghorofa. Kama ardhi hairefuki, jengo linaweza kwenda juu.

*2. Madarasa, vyoo na maji kabla ya usajili.* Fedha za UVIKO mwaka 2021 zilijenga madarasa kwa shilingi milioni 20 kila moja. Hata kwa bei ile ya zamani, madarasa 20 ni milioni 400. Mradi wa BOOST umejenga shule mpya za msingi za mkondo mmoja na za mikondo miwili, kwa mamia ya milioni kila moja. Ni fedha nyingi, lakini si fedha za ndoto. Zimejenga kwa wengine, zitajenga na kwetu. Tuonyeshwe mstari wa bajeti wenye jina la kata yetu.

*3. Mgawanyo ufuate mitaa.* Mtoto aende shule iliyo karibu na kwao, ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe, na wadogo wa awali hadi darasa la pili wapewe kipaumbele cha kutovuka barabara kubwa. Asiwepo mtu wa kuchagua "wenye akili" wabaki A na "wengine" waende B. Tunakataa mapema kabisa shule ya watoto wa wenye sauti na shule ya watoto wa wasio na sauti.

*4. Orodha ya walimu itoke pamoja na orodha ya wanafunzi.* Watoto wakihamishwa elfu mbili, walimu wao wahame nao na wapya waongezwe. Shule ikifunguliwa na walimu kumi, hiyo ni adhabu.

*5. Kwa sasa, ahueni ya haraka.* Tuanze na shule shikizi kwa ajili ya awali na darasa la kwanza kwenye eneo la wazi la mtaa. Vyumba vichache na vyoo vyake vitaondoa watoto wadogo kwenye msongamano, na mama hatalazimika kumshika mtoto wa miaka mitano mkono hadi ng'ambo ya barabara. Shule shikizi ikikua, ndiyo itakayokuwa shule B ya kweli, yenye geti lake.

*Kwa wenzetu wa ndani*

Sasa tuseme lisilopendeza. Baadhi ya viongozi wa chama chetu wenyewe kwenye kata wanalipenda pendekezo hili. Tunaelewa kwa nini. Ni rahisi, ni la haraka, na linapigika picha. Utepe utakatwa, kibao kitazinduliwa, na kwenye kampeni itasemwa "tumeleta shule mpya".

Ndugu zetu, wapiga kura wetu wana watoto mle ndani. Jioni ya siku ya uzinduzi mtoto atarudi nyumbani ataulizwa, "Shule mpya ikoje?" Atajibu, "Nimekaa palepale chini." Siku hiyo hatutakuwa na la kusema mbele ya mama yake. Mheshimiwa diwani ni ndugu yetu na tulimpigania. Kwa sababu hiyo hiyo tunamwambia mapema, ndani ya nyumba, kabla hajaambiwa barabarani.

Tena tusiwageuze walimu kuwa adui kwenye mjadala huu. Mwalimu anayefundisha watoto mia na zaidi kwenye chumba kimoja hajaleta tatizo hili. Anayemkejeli mwalimu kwenye mkutano wa Jumamosi hazungumzi kwa niaba ya tawi.

*Jumamosi tufanye hivi*

Mkutano wa wazazi unaanza saa 3:00 asubuhi uwanjani kwa shule. Kila mwanachama mwenye mtoto, mjukuu au mdogo wake pale afike mapema na ajiandikishe. Tusipige kelele, tusizomee. Tuinue mikono na kuuliza maswali manne, mmoja baada ya mwingine:

- Kiwanja cha shule B kiko wapi?
- Madarasa na vyoo vipya ni vingapi, na fedha zake ziko kwenye bajeti ya mwaka gani?
- Madarasa mangapi ya sasa yatageuzwa ofisi?
- Nani atawajibika kwa geti, maji na vyoo vya pamoja?

Yakijibiwa kwa namba na tarehe, tutakuwa wa kwanza kuinua mikono ya kuunga mkono, na tutakuja na majembe siku ya msingi. Yasipojibiwa, tuombe muhtasari uandike kwamba wazazi wameahirisha uamuzi hadi kiwanja kionekane. Muhtasari ni muhimu. Mkutano usioandikwa husimuliwa na aliyebaki mwisho.

Wanaofanya kazi Jumamosi, kina mama lishe na vijana wa daladala, tumeni jina na swali lenu kwa balozi wenu kabla ya Ijumaa jioni. Litasomwa.

Tafadhali wasomeeni wanachama wasio na simu janja, hasa wazee wetu. Ndio waliobeba matofali ya madarasa yale wakati wa MMEM. Wana haki ya kujua yanataka kugeuzwa nini.

Imetolewa na Kamati ya Tawi
Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati